Kambale wa sebuleni ana shida gani? Dalili na chanzo chake, kwa sisi tunaofuga Dodoma

Kambale ni samaki muongo. Sato ukimweka kwenye maji mabovu asubuhi anaelea tumbo juu na unajua umekosea, kambale yeye anakaa kwenye maji yaliyooza wiki mbili tatu, anapanda juu anapiga pumzi anashuka, we unamwangalia unawaambia wageni yuko freshi kabisa, kumbe mashavu yameshaungua zamani. Ana kiungo juu ya hayo mashavu, yani matamvua, kinachomwezesha kuvuta hewa hii hii tunayovuta sisi, ndo maana kule Bahi maji yakikauka wenzake wanajichimbia kwenye tope wanasubiri mvua. Sasa uvumilivu huo huo ndo unatuponza sisi wa akwariamu, tunasubiri samaki aonyeshe dalili wakati maji yalishasema siku nyingi.

Tanki langu ni mita 1 urefu, sentimita 40 upana na 50 kwenda juu. Likijaa kabisa ni lita 200 ila mi naweka maji mpaka sentimita 40 tu, yani lita 160, sababu utaiona mbele. Liko sebuleni, Nkuhungu, na karibu kila kosa nililoandika hapa nimelifanya mwenyewe au nimeitwa kwa jirani nikalikuta.

Maji meupe kama yameoshewa mchele

Hii inawapata wote siku ya tatu mpaka ya kumi hivi baada ya kuweka samaki. Watu wanapaniki wanamwaga maji yote, wanasugua vioo, wanaweka mapya, baada ya siku nne weupe umerudi, wanamwaga tena. Unajichosha bure ndugu yangu. Huo weupe ni bakteria wanaozaliana kwa fujo kwa sababu kuna chakula kimebaki na tanki bado changa. Kila ukimwaga yote unaanza upya.

Ishu iko hivi, kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo sumu, afu kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina noma sana ukiwa unabadili maji. Hao bakteria wazuri hawaji kwa siku moja, wanahitaji wiki 4 mpaka 6 kujaa kwenye filta (kichujio cha maji) na kwenye sponji yake. Kabla ya hapo tanki lako ni ndoo ya kioo tu.

Kwa hiyo maji yakiwa meupe: punguza chakula nusu, au acha kabisa siku mbili, kambale hafi kwa kukosa msosi siku mbili. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku moja. Usiguse filta. Njia ya mkato ninayoiamini ni moja tu, mtafute mtu mwenye tanki la zamani lenye samaki wazima, muombe akukamulie sponji yake kwenye tanki lako, yale maji machafu ya kahawia ndo yana bakteria wenyewe. Yanatia kinyaa lakini yanafanya kazi.

Maji ya kijani kama kisamvu

Hapa hakuna hadithi ndefu, tanki liko dirishani. Jua la Dodoma silo la kuchezea, ukiweka tanki mahali linapigwa saa mbili kwa siku mwani unaota. Hamisha au weka pazia zito. Kambale mwenyewe hapendi mwanga, anatembea usiku, mchana anataka kujificha, kipande cha bomba la plastiki la inchi 4 tupia humo ndani utaona anavyolala. Taa za rangi rangi ni za kwako na wageni, yeye zinamkera.

Anasimama wima kichwa juu, au anapanda kuvuta hewa kila dakika

Kupanda kuvuta hewa sio ugonjwa, usije ukakimbia duka la dawa. Kambale mzima anapanda mara moja moja, anameza pumzi, anashuka zake. Tatizo ni pale anapopanda mfululizo, au anabaki ananing'inia wima mdomo juu mkia chini kama mshumaa, hata ukigonga kioo hashtuki. Hapo mashavu hayafanyi kazi anaishi kwa hewa ya juu tu.

Chanzo namba moja amonia. Namba mbili nitriti. Ukiweza kumshika umfunue shavu angalia rangi, mashavu mazima ni mekundu ya damu, yakiwa na rangi ya kahawa au chokoleti hiyo ni nitriti, imeingia kwenye damu na damu imeshindwa kubeba oksijeni. Na hapa ndo chumvi inaingia. Chumvi ya kawaida ya jikoni gramu 1 kwa kila lita, kwa tanki langu ni gramu 160, koroga kwenye ndoo kwanza, mimina taratibu kwa saa mbili tatu, usimwagie punje juu ya samaki maana hana magamba, ngozi iko uchi. Chumvi inazuia nitriti isiendelee kuingia mwilini. Haiondoi nitriti kwenye maji lakini, hiyo inaondolewa na ndoo, badili theluthi ya maji leo, theluthi kesho, theluthi keshokutwa.

Kuna kitu cha huku kwetu inabidi nikitaje. Maji ya Dodoma mengi ni ya visima, ya bomba yanatoka zaidi visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na wengine tuna visima vya mtaani. Angalia birika lako, ule ukoko mweupe unaoota ndani ndo kipimo cha bure, maji ni magumu na mara nyingi pH yake, yani kipimo cha uchachu wa maji, inasimama juu ya 7. Kambale hana shida na maji magumu, anakaa vizuri tu. Shida ni kwamba pH ikiwa juu na joto likiwa juu amonia inakuwa sumu zaidi, amonia ile ile ambayo kwenye maji laini isingemsumbua sana hapa inamuunguza. Kwahiyo mtu akikuambia yeye anabadili maji mara moja kwa mwezi na samaki wake wako poa, muulize kwanza anaishi wapi na ana samaki wangapi. Mi nabadili theluthi moja mara mbili kwa wiki, maji machafu nayamwagia mchicha na mpapai, na mpapai unanenepa kuliko samaki.

Umebadili maji tu, dakika tano baadae wanarukaruka kama wamewekewa pilipili

Klorini. Maji ya bomba yametiwa dawa ili mimi na wewe tusiugue tumbo, hiyo dawa inaua na bakteria wa filta na inaunguza mashavu. Wakati mwingine hata huisikii harufu kwa hiyo usitegemee pua.

Dawa yake ni uvivu: kinga maji kwenye ndoo pana au pipa wazi, acha saa 24, ukiweka na jiwe la hewa linalotoa mapovu inaondoka haraka zaidi. Maji ya simtanki yaliyokaa siku mbili tatu kawaida huwa salama lakini kama simtanki limejaa asubuhi hii hii hayo ni ya bomba tu yamehamia juu. Afu kitu kingine, simtanki la juu ya nyumba mwezi wa kumi saa nane mchana maji yake ni ya moto, ukiyamimina moja kwa moja utamshtua samaki, yaache yafanane na ya tanki kwanza. Mkono unatosha kupima, ukiingiza huku na kule usisikie tofauti.

Wamekufa wote usiku mmoja, jana walikuwa wazima

Jirani aliniita saa kumi na mbili asubuhi, samaki sita chali. Maji safi, hayanuki, chakula kizuri, umeme haukukatika. Nimezunguka nimechoka. Baadae mke wake ndo akakumbuka kwamba jana jioni walipuliza dawa ya mbu sebuleni, wakafunga madirisha wakaenda kulala.

Dawa nyingi za kupuliza za mbu na mende ni sumu kali sana kwa samaki, kiasi kidogo tu kinatosha. Na pampu ya hewa inakusaidia kuvuta ile dawa hewani na kuipeleka ndani ya maji kama bomba la sindano. Ukipuliza, zima pampu, funika tanki na shuka lenye maji, fungua madirisha, uwashe pampu baada ya harufu kuisha kabisa. Mi siku hizi chumba cha tanki hakipulizwi, tunatumia chandarua na mlango wa wavu basi.

Sababu nyingine ya vifo vya ghafla ni sabuni. Ndoo ya samaki ni ya samaki, iandike kwa rangi kabisa, isiende bafuni isiende kufua. Binti wa shangazi yangu alikuja likizo, mtoto mzuri mwenye heshima, akaamua kunisaidia akaosha sponji ya filta kwa sabuni ya unga ikawa nyeupe inang'aa. "Shikamoo kaka, nimekusafishia na lile godoro la samaki." Marahaba mdogo wangu. Nilikaa wiki tano nikianza upya.

Sponji inaoshwa kwa maji yaliyotoka ndani ya tanki hilo hilo, unaikamua mara mbili tatu, inarudi ikiwa bado chafu kidogo. Chafu kidogo ndo inatakiwa.

Umeme umekatika masaa mengi

Watu wanaogopea samaki, kambale ndo wa mwisho kuhofia hapa, anavuta hewa juu. Wa kuhofia ni bakteria ndani ya filta, wao wanahitaji maji yenye oksijeni yapite, yakisimama masaa mengi wanaanza kufa na kuoza humo ndani. Umeme ukirudi filta inaamka inatema ule uozo wote kwenye tanki kwa mara moja, na asubuhi unasema umeme umeua samaki. Kama umekatika toka asubuhi mpaka usiku, kabla ya kuwasha toa sponji uikamue kwenye ndoo ya maji ya tanki, ndo uwashe. Na usilishe wakati hakuna umeme.

Afu pampu ya hewa iwe juu kuliko usawa wa maji. Ikiwa chini, umeme ukikatika maji yanarudi nyuma kwa mpira, yanaingia kwenye pampu, yanashuka kwenye ekstensheni iliyoko sakafuni, hapo hatuzungumzii samaki tena. Kuna kivalvu kidogo cha kuzuia maji yasirudi, kiweke. Na waya wote uning'inie chini ya soketi kidogo kabla ya kupanda, tone likishuka lidondoke sakafuni lisifuate waya mpaka kwenye umeme. Ukitaka kuingiza mkono ndani ya maji chomoa kwanza.

Hataki kula, amezubaa, ana pamba pamba nyeupe mwilini

Ukiniambia hivyo mwezi wa sita au wa saba hata sikuulizi kingine, baridi. Watu wa Dar wakisikia Dodoma wanawaza joto na vumbi, waje walale huku Julai, usiku unashuka mpaka nyuzi 13, 14 na upepo juu. Kambale anataka nyuzi 25 mpaka 30. Maji yakishuka chini ya 20 anapunguza kula, tumbo linakuwa zito, kinga inashuka, fangasi wanakuja, zile pamba pamba. We ukiona hataki kula unamuongezea chakula, chakula kinaoza chini, maji yanaharibika, ndo mzunguko huo.

Weka hita. Kwa makadirio wati 1 kwa lita, tanki langu lina wati 150 na inatosha. Hita iwe ndani ya maji muda wote ikiwa imewaka, ukitaka kupunguza maji ichomoe ipoe dakika 20 kwanza, mi yangu ya kwanza ilipasuka kwa sababu nilitoa maji ikabaki uchi inawaka. Kambale wakubwa pia wanaigonga na mkia wakavunja kioo chake, ivike kipande cha bomba la plastiki ulilotoboa matundu mengi. Huna hita, basi funika pande tatu za tanki na kartoni ya stairofomu, sogeza mbali na mlango, lisha kidogo mchana pakiwa na joto.

Kwa hizo pamba, pandisha joto taratibu, nyuzi 1 au 2 kwa siku, na chumvi gramu 3 kwa lita, yani karibu nusu kilo kwa lita 160, igawe kwa siku mbili. Kuwa makini na dawa za dukani zenye shaba, samaki asiye na magamba zinamchoma.

Vifaranga walikuwa kumi, leo saba, hakuna maiti

Hujaibiwa. Waliobaki wamewala. Kambale mmoja akikua haraka kuliko wenzake anageuza ndugu zake kuwa mboga, na anaanzia mkia. Tazama nani kavimba tumbo kuliko wote ndo huyo huyo. Mtoe, mtenge. Nunua vifaranga wa saizi moja, ukimwona muuzaji anachota tu bila kuchambua muombe achambue, na kila wiki mbili wapange upya kwa saizi mpaka wafike urefu wa kiganja. Njaa na msongamano vinaongeza ulaji huo.

Wale wa kuchukua kwenye mabwawa, Hombolo au Mtera, wanavutia kwa sababu ni wa bure, lakini wanakuja na ruba na minyoo, wakae kwenye beseni la peke yao wiki 2 mpaka 3 kwanza.

Tumbo limevimba, au kapasuka ubavuni

Umemlisha sana. Kambale hana kipimo, ukimpa anakula, ukimpa tena anakula. Utumbo unajaa, chakula kinachacha humo ndani, unapasuka. Samaki wa gramu 100 kwa siku anataka gramu 3 hivi, zigawe mara mbili, na jioni apewe zaidi ya asubuhi. Pima kwenye mzani wa jikoni siku moja tu uone gramu 3 zilivyo chache, utaona aibu. Chakula cha kuelea ni bora kwa sababu unaona kilichobaki, baada ya dakika 10 chota ukitoe. Dagaa wa kusaga ni wazuri kwa protini ila wanachafua maji vibaya sana, na pumba tupu ya mahindi ni kumdanganya samaki.

Chakula kilichokaa dukani mwaka mzima nacho ni tatizo, vitamini C inaharibika, na samaki aliyekosa vitamini C muda mrefu unamuona fuvu la kichwa linapata ufa au mgongo unapinda. Hapo huponyi, unazuia kwa waliobaki. Nunua kidogo kidogo, weka kwenye kopo lenye mfuniko mbali na joto.

Sharubu zimekatika, zimebaki vishina

Chini ya tanki pana uchafu au kokoto kali. Yeye anatafuta chakula kwa sharubu, anazikokota kwenye kila kitu. Toa kokoto za ujenzi, weka mchanga laini uliooshwa mpaka maji yatoke safi au usiweke kitu kabisa, mi sina kitu chini na nafagia kwa mpira dakika tano. Zinaota tena maji yakiwa safi.

Tanki linavuja

Kama linatoa tone kwenye kona, kuna uwezekano fundi wa aluminiamu alitumia silikoni ya madirisha yenye dawa ya kuzuia ukungu, hiyo nayo ni sumu kwa samaki achilia mbali kuvuja. Silikoni mpya haishiki juu ya iliyokauka, usipake juu juu, kwangua kona nzima kwa wembe, futa na spiriti, paka, acha siku kadhaa mpaka harufu ya siki iishe. Kama kioo kimepata ufa kutoka chini kwenda juu lawama ni ya meza. Lita 160 ni kilo 160 kabla ya kuhesabu kioo, meza ikiinama kidogo kioo kinabeba upande mmoja. Weka stairofomu chini yake na pima usawa kwa pima maji ya fundi. Tanki jipya lijaze uani siku mbili kabla halijaingia sebuleni.

Hayumo tankini

Angalia chini ya kochi. Sitanii. Saa tisa usiku nilisikia kitu kinapiga piga sakafu nikadhani panya, kumbe bwana mkubwa ameruka amefika mpaka mlango wa jikoni, amejaa vumbi na nywele za zulia, mzima. Nilimsuuza kwa maji ya tanki nikamrudisha, na wiki ile nikaweka chumvi kidogo kwa ajili ya michubuko. Mfuniko lazima, mzito, wenye matundu, na tofali juu. Lakini usijaze maji mpaka mfuniko, ndo sababu ya zile sentimita 10 ninazoacha. Asipofika kwenye hewa anaweza kuzama, samaki anazama majini, ndo kambale huyo.

Tanki limekuwa dogo

Hii haina dawa. Ukimtunza vizuri ndani ya miezi sita hadi nane anaweza kukaribia kilo, na mkubwa kabisa anapita mita 1, hakuna sebule ya Nkuhungu inayomtosha. Nilianza na kumi, nikabaki na saba baada ya ule ulaji, wanne nikampa jamaa mwenye bwawa Nzuguni, wawili tukala na ugali wa uwele. Mjomba kutoka Kondoa kila akija anakaa mbele ya tanki kimya, anaangalia yule mmoja aliyebaki, halafu ananiuliza, "Mwanangu, huyu naye mnasubiri nini?"